Kiingereza cha msingi kwa mwanachuo: anza na kitenzi, msamiati mgumu usubiri

Mwongozo huu ni wa mwanachuo anayeweza kukariri desa zima (nukuu za somo) neno kwa neno, lakini akiambiwa aandike aya moja kwa maneno yake, kalamu inagoma. Wa namna hiyo ni wengi katika vyuo vya Mwanza, kuanzia Malimbe hadi Bugando, na tatizo lao si akili. Walisoma shule ya msingi miaka 7 kwa Kiswahili, wakaingizwa kwenye Kiingereza kidato cha kwanza, na tangu hapo wamekuwa wakijibu mitihani kwa kukumbuka sentensi za watu wengine. Kinachokosekana ni uwezo wa kutunga sentensi yako mwenyewe, na huo unajengwa kwa kazi ya dakika 40 kila siku.

Vifaa

Kaunta buku moja nene, kalamu ya bluu na nyekundu, simu yenye kinasa sauti, na kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyoandikwa kwa ajili ya wanaojifunza. Kamusi ya Kiingereza–Kiswahili peke yake haitoshi, kwa sababu inakupa maana bila kukuonyesha neno linavyokaa ndani ya sentensi. Bumu (fedha ya mkopo wa chuo) likitoka, usilipe kozi ya "Kiingereza kwa siku 30". Vipindi vya BBC Learning English ni bure. Vipakue kwa waifai ya chuo uvisikilize bila kumaliza bando.

Hatua ya 1: Jipime

Andika kwa dakika 10, bila kamusi, ulichofanya jana kuanzia kuamka hadi kulala. Iwe jana, si "siku yangu ya kawaida", maana jana inakulazimisha kutumia wakati uliopita, na makosa yamejificha huko. Zungushia duara kila kitenzi, kisha mwombe anayekuzidi aweke alama kwenye vilivyokosewa. Vikizidi 5 katika 20, kaa kwenye hatua ya 3 kwa wiki tatu kabla ya kugusa kingine.

Hatua ya 2: Chagua andishi

Nusu ukurasa kutoka somo lako mwenyewe. Maneno mageni yakizidi 5 katika kila 100, tafuta jepesi zaidi.

Hatua ya 3: Kitenzi

Hapa ndipo muda mwingi unapopotea, kwa hiyo twende taratibu.

Kosa la kwanza ni "I did not went". Mwanafunzi anajua "went" ni wakati uliopita, kwa hiyo anaona ni salama kuibakiza. Angalia Kiswahili chako: "sikuuza". Hapo "si-" inakana, "-ku-" inabeba wakati uliopita, "-uza" ni mzizi uliobaki ulivyo. Sasa weka "did not sell" pembeni yake: "did" ndiyo "-ku-", "not" ndiyo "si-", "sell" ndiyo "-uza". Hakuna Mswahili anayerundika "-ku-" na "-li-" ndani ya neno moja ili kusema jambo lilipita. "Did" ikishabeba wakati, kitenzi kinarudi kwenye umbo lake la msingi. Swali nalo ni hivyohivyo: "Did she sell?", kamwe si "Did she sold?"

Kosa la pili linatoka kwenye "-me-". Darasani tulifundishwa kwamba "-me-" ni "have", na mara nyingi ni kweli, ila inakwama sehemu mbili.

Sehemu ya kwanza ni pale muda uliokwisha unapotajwa. Kiswahili cha mtaani kinakubali "nimemwona jana". Kiingereza hakikubali "I have seen him yesterday". Ukiona "yesterday", "last week", "ago" au mwaka uliopita, ondoa "have". Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa mwaka 2025: "The bridge opened in 2025", si "has opened in 2025". Lakini "People have used the bridge since 2025" ni sahihi, kwa kuwa "since" inaanzia wakati ule na kuja hadi sasa, muda haujafungwa.

Sehemu ya pili wengi hawaambiwi kabisa. "-me-" ya Kiswahili hueleza pia hali ambayo mtu yumo sasa hivi. "Amevaa koti jeupe" ni "She is wearing a white coat". "Nimechoka" ni "I am tired". "Amesimama mlangoni" ni "He is standing at the door". Mwanafunzi wa tiba akitaka kusema "mgonjwa amelala kitandani" akaandika "The patient has slept", daktari anayesoma ataelewa kwamba mgonjwa alipata usingizi, wakati aliyeandika alimaanisha "The patient is lying in bed". Kabla ya kuandika "have" au "has", jiulize: nasema tendo lililokamilika, au namwelezea mtu alivyo sasa? Kama ni hali ya sasa, tumia "is" au "are".

Kosa la tatu ni "I am agree". Linatokana na "nakubali", ambapo "na-" inasikika kama "am". Baada ya "am" weka sifa ("I am ready"), jina ("I am a student"), mahali ("I am in Nyegezi") au kitenzi chenye "-ing". "Agree" tupu haikai hapo: "I agree". Wala usiikimbilie "-ing" kila mara. "Know", "understand" na "want" kwa kawaida haziitaki, kwa hiyo "I am knowing" nayo ifutwe.

Zoezi lenyewe ni hili. Chukua kitenzi kimoja, kiandikie sentensi sita, kwa mpangilio huuhuu:

She sells dagaa at Kirumba.
She does not sell dagaa at Kirumba.
Does she sell dagaa at Kirumba?
She sold dagaa at Kirumba.
She did not sell dagaa at Kirumba.
Did she sell dagaa at Kirumba?

Fuata ile "s" kwa kidole. Kwenye sentensi ya kwanza iko kwenye "sells". Ya pili na ya tatu imehamia kwenye "does", na "sell" imebaki tupu. Wakati uliopita nao unahama vivyo hivyo, kutoka "sold" kwenda "did". Vitenzi 5 kwa siku ni sentensi 30, kama dakika 20 hivi. Zitamke unapoziandika. Usizinakili kwa mafungu kama adhabu ya shule. Funika za juu, tunga inayofuata, kisha funua. Na achana na wimbo wa "go, went, gone". Wapo wanaouimba wote bila kukosea na bado wanaandika "did went", kwa sababu wimbo hauna sentensi ndani yake.

Wa sayansi waongeze sentensi ya kutendwa: "Nile perch were introduced into the lake". Kosa la kawaida ni "were introduce". Chanzo chake ni sikio: "-ed" haisikiki, kwa hiyo mkono hauiandiki. Hutamkwa "t" kwenye "asked", "d" kwenye "opened", na "id" pale tu kitenzi kinapoishia na sauti ya t au d, kama "reported".

Hatua ya 4: "He", "she", "a", "the"

Kiswahili kina "yeye" mmoja, hivyo ulimi huteleza. Elezea picha za ndugu zako kwenye simu, dakika 3 kila siku, hadi ulimi uzoee.

"A" hutangulia kitu kimoja kinachohesabika ukikitaja mara ya kwanza. Ukirudi kukitaja, "the". Ziwa likitajwa kwa jina halina "the": "Lake Victoria". Mto unayo: "the Kagera River". "Information" na "equipment" hazipokei "s".

Hatua ya 5: Sauti

Soma aya ya andishi ulilochagua kwenye hatua ya 2 mbele ya kinasa sauti, usikilize, usome tena. Wengi Kanda ya Ziwa huchanganya l na r, na chuoni kosa hili lina gharama: "We collected the data" ni kukusanya data, "We corrected the data" ni kuzirekebisha, jambo ambalo jopo la utetezi wa utafiti litakuhoji. Kwa l, ncha ya ulimi iguse nyuma ya meno ya juu ibaki hapo. Kwa r ya Kiingereza, ncha isiguse popote.

Kisha eleza mada moja kwa dakika 4, irudie kwa 3, halafu kwa 2, kila mara kwa msikilizaji mwingine. Mada isibadilike, ulimi hulainika kwa kurudia.

Hatua ya 6: Kusahihishana

Watu 4 wanatosha. Kalamu nyekundu iguse vitenzi tu kwa wiki tatu za kwanza. Daftari likirudi limejaa wino mwekundu kila mstari, mwenye nalo haoni aanzie wapi, na wengi huachia hapo. Msahihishaji apige mstari tu. Jibu alitafute mwenye daftari. Tafsiri ya simu isitumike kutunga, kwa sababu kazi ya kutunga ndiyo unayojifunza.

Hatua ya 7: Msamiati

Sasa ndiyo zamu yake. Mwanaisimu Averil Coxhead alichapisha mwaka 2000 orodha ya familia 570 za maneno ya kitaaluma (familia ni neno pamoja na maumbo yake), inapatikana bure mtandaoni. Maneno 5 kwa siku, kila moja ndani ya sentensi yako kuhusu somo lako.

Wiki ya 6 ikiisha, andika tena kuhusu jana, dakika 10, bila kamusi, na uweke kurasa mbili pamoja. "Did" ikiwa bado inafuatwa na "went", rudi kwenye sentensi sita, vitenzi 5 kwa siku, wiki moja.