Namna ya Kuandika Daftari la Maafa la Kijiji na Kulitumia Kujijenga Upya

Kijiji kinachopigwa na mafuriko au maporomoko ya ardhi nchini Uganda huulizwa swali moja na kila anayeleta msaada, awe ametoka Ofisi ya Waziri Mkuu, wilayani au Msalaba Mwekundu: ni kaya ngapi zimeathirika, na zimepoteza nini? Kijiji kisicho na jibu lililoandikwa huandikiwa jibu na wengine, kwa haraka na kwa kukisia, na hapo ndipo mjane anayekaa mwisho wa njia na mpangaji asiye na shamba wanaposahauliwa. Mwongozo huu ni kwa wenyeviti wa LC1 (baraza la kijiji, ngazi ya chini kabisa ya serikali za mitaa), wahudumu wa afya wa kijiji, viongozi wa dini na wanachama wa vikundi vya akiba, hasa wale wa miteremko ya milima ya Rwenzori na Elgon na wa mabonde yaliyo chini yake.

Siku za mwanzo ni za kuokoa watu, kutibu majeruhi na kuwasitiri waliofariki. Waya za umeme zilizoanguka zisiguswe, na mtu asirudi kulala katika nyumba yenye ukuta uliopasuka, hata kama paa limesimama. Mafuriko huchanganya maji ya visima na uchafu wa vyoo, kwa hiyo maji ya kunywa yachemke kwa nguvu walau dakika moja, na kwa wanaoishi juu ya mita 2,000 walau dakika tatu. Anayetumia vidonge vya klorini afuate maelekezo ya pakiti. Mtoto anayeharisha apewe maji ya chumvichumvi za pakiti (ORS) na apelekwe kituo cha afya bila kusubiri.

Kuandika daftari

Kazi ya kuandika ianze mara tu watu wanapokuwa salama, kabla tope halijaondolewa na kabla kumbukumbu hazijachanganyika. Baraza la kijiji lichague waandishi wawili wanaoaminika, mmoja wao awe mwanamke, kwa kuwa yapo mahitaji ambayo mama hatayataja mbele ya mwanamume. Waandishi watembee nyumba kwa nyumba badala ya kuwaita watu penye mti wa mkutano, maana mgonjwa na kikongwe hawafiki mkutanoni. Daftari gumu la kaunta na kalamu ya wino usiofutika vinatosha, na kila kaya ipewe ukurasa wake.

Ukurasa mmoja unaweza kusomeka hivi: nyumba ya matofali mabichi, chini ya njia ya kisimani, watu 6, kati yao bibi asiyeweza kutembea peke yake na mtoto mchanga, maji yalifika usawa wa dirisha, ukuta wa nyuma umeanguka, choo kimejaa tope, mbuzi 2 wamesombwa, shamba la maharagwe limefukiwa na mawe, kitambulisho cha taifa cha mama kimepotea, karatasi ya mauziano ya shamba imelowa lakini inasomeka. Kila kipengele hapo kina kazi yake. Usawa wa dirisha utaonyesha msingi mpya uinuliwe kiasi gani. Habari ya bibi itaonyesha nani anahitaji wa kumbeba siku nyingine. Kitambulisho kilichopotea kinahitaji barua ya LC1 yenye muhuri mapema, kwa sababu mtu asiye nacho huweza kukwama anapotaka kupokea pesa kwa simu. Karatasi iliyolowa ilazwe kivulini kati ya karatasi kavu. Ikianikwa juani hujikunja na wino hupauka.

Mpangaji aandikwe kama kaya inayojitegemea, tofauti na mwenye nyumba, kwani mmoja amepoteza jengo na mwingine amepoteza vyombo, bidhaa na mahali pa kulala. Jambo hili huzua ugomvi mkubwa mijini na katika vituo vya biashara, na ni haki lisimamiwe bila kuyumba.

Orodha ikikamilika isomwe hadharani, kaya moja baada ya nyingine, ili majirani wasahihishe yaliyozidishwa na wakumbushe waliosahauliwa. Habari za ugonjwa, za watoto waliobaki yatima na za wasichana wanaolala peke yao zisisomwe; ziandikwe katika daftari la pili linalotunzwa na mhudumu wa afya. Baada ya hapo kurasa zote zipigwe picha kwa simu, nakala moja ipelekwe makao makuu ya gombolola (tarafa ndogo iliyo chini ya wilaya) ili ifikie kamati ya maafa ya wilaya, na nyingine itunzwe kwenye nyumba iliyo mahali pa juu.

Kuamua wapi pa kujenga

Historia yetu inaonyesha kwamba maafa haya hurudi katika maeneo yale yale. Wilaya ya Bududa, kwenye mlima Elgon, ilipata maporomoko ya ardhi ya Nametsi tarehe 1 Machi 2010, kisha ya Bukalasi tarehe 11 Oktoba 2018. Mto Nyamwamba ulifurika wilayani Kasese, chini ya Rwenzori, tarehe 1 Mei 2013, ukafurika tena Mei 2020 na kuiharibu hospitali ya Kilembe. Kwa sababu hiyo, chora ramani ya kijiji kutokana na daftari, weka alama kwenye kila nyumba iliyofikiwa na maji au udongo, na paka rangi ukutani au kwenye jiwe kubwa kuonyesha maji yalipokoma. Kanuni za mazingira za mwaka 2000 zinataka ukingo wa mita 100 uachwe kando ya mito mikubwa iliyoorodheshwa na mita 30 kando ya mingine. Ukingo huo upandwe mianzi na matete. Mlimani, mteremko wenye nyufa zinazopanuka, chemchemi mpya au miti inayoinama haufai kujengwa. Matuta ya fanya juu, yaani yanayotengenezwa kwa kuchimba mtaro na kutupa udongo upande wa juu, huzuia mmomonyoko wa udongo wa juu, lakini hayawezi kushikilia mlima ulioanza kuachia kutoka chini, na anayeahidi vinginevyo anawahatarisha watu.

Kuhama ni jambo zito. Baadhi ya waliohamishwa kutoka Bududa kwenda wilaya ya Kiryandongo baada ya 2010 walirudi mlimani, kwenye migomba yao, kahawa yao na makaburi ya wazee wao. Kabla ya kukubali kuhama, kijiji kiulize kuhusu ukubwa wa shamba, hati, maji, shule na kama majirani watapewa viwanja karibu karibu. Wanaobaki wapange chakula kwa kufuata mazao: maharagwe huvunwa ndani ya miezi mitatu hivi, ilhali mti mpya wa kahawa huhitaji takriban miaka mitatu, na kwa kipindi hicho chote familia inahitaji njia nyingine ya kupata ada ya shule.

Kabla ya mvua zijazo

Katika maeneo mengi mvua kubwa huanza Machi na tena karibu Septemba, kwa hiyo daftari lifunguliwe kila Februari na kila Agosti. Waliohama wafutwe, waliozaliwa waongezwe, na kila asiyeweza kukimbia apangiwe vijana wawili kwa majina. Vijiji vya juu na vya chini ya mto vibadilishane namba za simu, kwa sababu wa juu huyaona maji kabla ya wa chini. Kijito kikigeuka tope ghafla, au kikipungua wakati mvua inaendelea kunyesha, huenda udongo umekiziba huko juu, na watu waondoke bila kungoja amri. Mlio wa ngoma, kengele au kipaza sauti cha msikiti uwe tofauti kabisa na ule wa msiba, na ujaribiwe mchana ili watu wauzoee.

Vikundi vya akiba vyenye sanduku la kufuli tatu vitenge mfuko wa maafa ambao haukopeshwi. Wanaoshika funguo hizo tatu wasikae wote bondeni, na kiasi kilichomo kiandikwe kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari, kikisomwa mbele ya wanachama kila mkutano.