Kabla hujaanza kusuka mikeka ya kuuza

Wanaoniuliza namna ya kuanza kazi ya kusuka huanzia sokoni: watauza wapi, kwa bei gani, wageni wanapenda rangi zipi. Mimi huwauliza kwanza, ukindu, yaani jani la kusukia, mtautoa wapi? Huku kwetu Pemba mtu anaweza kuwa na mkono mzuri na wateja wanamsubiri, na bado akakaa wiki tatu mikono mapajani kwa sababu jani limemwishia. Maandalizi yaanzie bondeni.

Mkindu, mti unaotoa jani hilo, unapenda maji, kwa hiyo utaukuta kandokando ya vijito na kwenye mabonde yenye unyevu. Jani la kusukia ni lile changa la katikati, ambalo bado limefumba kama mwavuli uliokunjwa. Hilo ndilo jeupe na laini, na hilo hilo ndilo mti unalolitegemea kukua. Ukilikata kila linapochomoza, shina litadhoofu. Bahati nzuri mkindu huota kwa vichaka, mashina mengi pamoja, basi zungukia: leo shina hili, mwezi ujao lile, wala usikate mara mbili mfululizo mahali pamoja. Na uulize mwenyewe ni nani, hata kama mti unaonekana umejiotea. Mwulize mwenye bonde, mwulize sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa. Nimeshuhudia majirani wakinuniana miaka kwa mzigo mmoja wa ukindu. Ikiwa kwenu mkindu ni adimu na miyaa, jani jingine la kusukia, ndiyo tele, usilazimishe mkeka wa kulalia. Miyaa ni migumu zaidi, anza na majamvi na vikapu.

Jani likishakatwa linataka jua kali la siku kadhaa, na lianuliwe kabla tone la mvua halijaligusa. Ndiyo maana sikushauri uanze wakati wa masika, Machi hadi Mei. Subiri Juni mvua zikishakatika, au tumia jua la kaskazi mwezi wa Januari. Mwaka wangu wa kwanza nilikunja ukili, ule utepe uliosukwa ambao hushonwa kuwa mkeka, wa pima 30 (pima moja ni futi 6) ukiwa bado na unyevunyevu, nikauweka uvunguni mwa kitanda. Baada ya wiki mbili nikaufungua nikakuta madoa meusi na harufu ya kisima kilichofunikwa. Niliuosha, nikauanika, madoa yakabaki pale pale. Koga likishaingia kwenye ukindu halitoki. Tafuta mapema mahali pa juu, pakavu, penye hewa, pa kuning'iniza kazi yako.

Halafu kuna kuchana jani liwe chane, vile vipande vyembamba vya kusukia, na hapa naomba usiwe na haraka. Wengi wanataka kufika kwenye kusuka, wanaona kuchana ni kazi ya watoto. Lakini chane zisipolingana upana, ukili hautanyooka hata vidole viwe vyepesi vipi, na ukili usionyooka ukishonwa unatoa mkeka wenye matumbo. Bibi aliyenifundisha hakuniruhusu kusuka mwezi mzima wa kwanza. Nilichana tu. Jioni alikuwa akichukua fungu langu, anapitisha kidole gumba taratibu huku masikio yake yapo kwenye redio. Kidole kikisita, anaivuta chane moja na kuiweka kando, haitazami hata mara moja. Siku moja nilizikusanya zile za kando nikazilinganisha na nyingine. Zilizidi upana kwa unene wa uzi wa cherehani, basi.

Mtu kama huyo mtafute kabla hujanunua chochote. Piga hodi, mwamkie, kaa, chukua fungu umsaidie kuchana huku mnazungumza. Kilo ya sukari inatosha kwa siku ya kwanza. Ukianza kwa kuuliza ada utamvunja moyo. Mwulize pia kuhusu nakshi. Kuna nakshi za kila mtu, na kuna ambazo kijijini zinajulikana kuwa ni mkono wa fulani. Ukizitaka hizo, mwombe mwenyewe akiwa hai, na akishafariki waombe wanawe.

Vifaa visikutishe. Kisu kikali, mkasi, shazia, ile sindano kubwa ya kushonea, turubai la kuanikia, na sufuria kuukuu ya rangi ambayo haitarudi tena jikoni. Sioni sababu ya mtu kukopa pesa kwa ajili ya hivyo.

Rangi ndiyo yenye mitego. Zamani weusi ulitoka kwenye mmea wa mdaa, na wazee wachache bado wanaujua. Siku hizi wengi wetu tunachemsha rangi ya unga ya dukani na chumvi. Chemsha kwa mara moja chane zote utakazohitaji kwa mkeka mzima, maana nyekundu ya leo na nyekundu ya wiki ijayo hazitafanana hata ukitumia pakiti zilezile. Suuza mpaka maji yatoke meupe, kausha, kisha sugua chane moja kwa kitambaa cheupe kilichoroweshwa. Kitambaa kikichukua rangi, rudia kusuuza. Mimi niliwahi kuupuuza ukaguzi huo mdogo, na mkeka wangu ukaacha michirizi ya zambarau kwenye kanzu ya baba wa bi harusi. Nilirudisha pesa yote, na bado nikikutana na yule mzee naona haya.

Sasa bei. Usikisie, hesabu kwa pima. Mkeka wa futi 6 kwa 4, ukili wake ukiwa na upana wa inchi 4, unakula vipande 12 vya futi 6, yaani pima 12. Ongeza pima 1 ya kupotea kwenye kushona na upindo. Ukipunguza upana wa ukili uwe inchi 2, mkeka uleule unakula pima 24, na mteja asiyejua ataona ni mkeka mmoja tu. Nilipoanza nilikuwa natoa pima moja kwa siku, katikati ya konde, maji na watoto. Hiyo ni karibu wiki mbili kabla sijashika shazia. Jipime siku kumi, uandike, ndipo utaje bei. Na kabla ya kuitaja wasikilize wenzako wanauzaje, kwa sababu ukishusha wewe umewashushia wote, na mkeka wa plastiki wa kiwandani tayari unatubana vya kutosha.

Hesabu hiyo ndiyo itakayokupa kalenda pia. Harusi nyingi huku hufungwa kabla ya Ramadhani na baada ya Idi. Mama mwenye binti akija kwako Shaabani, mwezi unaotangulia Ramadhani, anataka mikeka minne, jibu la kweli ni kwamba alitakiwa aje miezi miwili nyuma. Mwambie hivyo kwa upole, umpe miwili mizuri.

Ukipeleka mjini, wenye maduka watakuomba mali kauli, uache mzigo ulipwe ukiuzika. Ukubali kama ni lazima, lakini usiache zaidi ya mikeka miwili kwa mara ya kwanza. Mimi niliacha minane kwa duka moja, nikalipwa mitatu. Mitano niliambiwa imeliwa na panya. Daftari liwe mkononi: idadi, kipimo, bei mliyokubaliana, tarehe, na sahihi ya aliyepokea. Nenda na mtu wa pili asikie maneno, na piga picha kila mkeka ukiwa umekunjuliwa kabla haujaingia dukani.