Kutoka jikoni kwa bibi hadi kitabu cha kusomea kwenye simu: jinsi ninavyopanga mapishi kwa LibreOffice

Bibi yangu hapimi. Ukimuuliza bizari nzima inaingia kiasi gani kwenye pilau, atakujibu, "Kiasi tu, mjukuu wangu, mpaka uone inatosha." Kwake jibu limekamilika, kwa sababu mkono wake unajua. Tabu ni yetu sisi tulio mbali, tunaompigia simu nyama ikiwa tayari motoni. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikiyakusanya mapishi yake na ya dada zake yawe kitabu cha kusomeka kwenye simu, kwa programu huria tupu, yaani zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia na kuzibadilisha. Ukitaka kufanya hivyo kwa wazee wako, tafuta kompyuta ya kawaida, LibreOffice (programu huria za kazi za ofisi), mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu, na mpishi mwenye subira na maswali yako.

Hatua ya 1: Pima kopo, usiupime mkono

Wengi humpa mpishi kijiko wakamwambia apime. Akishika kijiko anaanza kuwaza, na chakula kinabadilika. Mwache achote alivyozoea. Wewe lipime kopo la bizari kabla hajaligusa, kisha lipime tena akishalirudisha. Siku tuliyopika pilau la kilo moja ya mchele, kopo lilikuwa na gramu 212, likarudi na gramu 198. Basi "kiasi tu" cha bibi ni gramu 14. Chumvi, mafuta na tangawizi iliyotwangwa nilivipima vivyo hivyo. Karafuu, iliki na vijiti vya mdalasini vihesabu kwa idadi, maana mizani ya jikoni haihisi uzito mdogo hivyo.

Kikombe chake nacho kipime. Kijaze maji, kipime, toa uzito wa kikombe kitupu: gramu moja ya maji ni mililita moja. Akitaja kibaba, andika neno lake hilo hilo halafu weka gramu pembeni. Vibaba vinne ni pishi, kile kipimo cha nafaka, hilo linajulikana, ila kopo analoliita kibaba leo si lazima lilingane na la jirani yake.

Kupima muda naiachia simu. Nawasha kinasa sauti tangu vitunguu vinapoingia kwenye mafuta. Niliposikiliza ile sauti ya pilau, zilipita dakika 18 kabla bibi hajasema "sasa leta nyama." Mimi kwangu nilikuwa naleta nyama baada ya dakika saba, na kila mara pilau lilitoka jeupe. Rangi ya pilau ni ya vitunguu vilivyokaangwa polepole mpaka vikawa kahawia iliyokolea. Hilo yeye hakuwahi kulitaja, kwa kuwa kwake si jambo la kutajwa. Kinasa sauti ndicho kilicholisema.

Wala usiyatupe maneno yake. "Maji yapite mchele kwa pingili moja ya kidole." "Palia makaa juu ya mfuniko." Yaingie kitabuni kama yalivyo, na maelezo ya jiko la gesi yafuate chini.

Hatua ya 2: Andika kwanza, pamba baadaye

Fungua LibreOffice Writer, sehemu yake ya kuandikia, uandike mapishi yote bila kuhangaika na sura yake: jina, idadi ya walaji, vitu kwa mpangilio wa kuingia sufuriani, kisha namna ya kupika. Maneno yakipigiwa mistari myekundu kila mahali, programu inadhani unaandika Kiingereza. Ingia Tools, Language, For All Text, More, uchague Swahili ya Tanzania au ya Kenya. Kamusi yake ikiwa imewekwa, itakubakizia makosa ya kweli tu.

Kiswahili hakikufika kwenye programu hizi kwa bahati. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, OpenOffice.org iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, na LibreOffice ilichipuka kutoka OpenOffice.org mwaka 2010. Msimbo, yaani maandishi yanayoiunda programu, ulikuwa wazi, kwa hiyo watu wetu hawakumsubiri mwenye kampuni aamue kama lugha yetu ina faida kwake. Mimi hilo nalithamini sana.

Hatua ya 3: Mitindo, na hapa usifanye haraka

Toleo langu la kwanza vichwa vyake nilivikoleza na kuvikuza kwa mkono, nikasukuma kurasa kwa kubonyeza Enter mara kumi. Kwenye kompyuta lilipendeza. Kwenye simu halikuwa na orodha ya sura, na kati ya pishi na pishi kulikuwa na nafasi tupu ya skrini nzima. EPUB, aina ya faili la kitabu cha kusomea kwenye simu, haina kurasa za kudumu: maandishi hujipanga upya kufuata ukubwa wa skrini na wa herufi. Programu haiwezi kujua kwamba herufi kubwa ni kichwa mpaka uiambie.

Kuiambia ni rahisi. Weka kishale cha kuandikia kwenye jina la sura, tuseme "Wali na pilau", bonyeza Ctrl+1. Kwenye jina la pishi, Ctrl+2. Kwenye maelezo ya kawaida, Ctrl+0. Ukitaka kubadilisha rangi au ukubwa, F11 hukufungulia mitindo. Rekebisha mtindo mmoja, vichwa vyote vifuate. F5 hukuonyesha mifupa ya kitabu kizima, na pishi lililokaa pasipo pake halikosi kuonekana. Halafu bonyeza Ctrl+F10: alama za aya zitajitokeza, nawe utaona mistari mitupu yote. Ifute.

Kwa riwaya ni vivyo hivyo, kila sura Ctrl+1. Nimempangia rafiki yangu riwaya yake kwa njia hii jioni moja.

Hatua ya 4: Picha

Bofya picha kwa kitufe cha kulia, chagua Anchor, kisha As Character, isije ikahamia kwenye pishi jingine. Hapo hapo kuna Compress. Itumie, maana watakaopakua wanalipia bando.

Hatua ya 5: Toa EPUB

Hifadhi faili la .odt, ambalo ndilo faili la kawaida la Writer, ndipo uingie File, Export As, Export as EPUB. Ipo tangu toleo la 6.0 la mwaka 2018. Kwenye Split method weka Heading, kwenye Layout method weka Reflowable, ongeza picha ya jalada, jaza jina la kitabu na la mwandishi. Pa mwandishi nimeandika jina la bibi, baada ya kumwomba ruhusa na kumsomea kitabu chote.

Hatua ya 6: Jaribu kwenye simu, kisha kwenye jiko

Kifungue kwa Calibre, programu huria ya vitabu vya kielektroniki, kwenye kompyuta, halafu kwenye simu ndogo uliyonayo, herufi ukizikuza sana. Kosa lolote lisahihishe kwenye .odt, utoe EPUB upya.

Mwisho mpe mtu ambaye hajawahi kusimama na bibi jikoni. Mimi nilimpa shemeji yangu. Alifuata pilau neno kwa neno, likamtoka na rangi yake, ila mchele wa chini uliungua. Tulipoulizana, tukagundua sikuandika ukubwa wa sufuria. Toleo la sasa limeandika: lita saba, yenye kitako kizito.