Kwenda Kolo na watoto, na kulala huko

Mara ya kwanza tulikwenda Kolo kutazama michoro ya kale ya miambani, na kurudi siku hiyohiyo. Tulitoka Dodoma saa mbili asubuhi, tukaanza kupanda mlima jua likiwa la utosi, na mtoto wetu mdogo, Nasra, akalia kuanzia chini hadi juu. Tuliona mwamba mmoja tu. Baba yao alikuwa anaangalia saa kila dakika kwa ajili ya safari ya kurudi. Nilifika nyumbani na picha nane kwenye simu na uchungu moyoni, maana nilijua tumepita mbele ya kitu kikubwa bila kukitazama. Tangu hapo tumekwenda tena mara mbili, na zote mbili tumelala. Kwa hiyo ushauri wangu kwa mzazi anayetaka kuipeleka familia kwenye michoro ya miambani ya Kondoa Irangi unaanzia hapo: panga kulala siku mbili.

Kolo ni kijiji kilicho kando ya barabara kuu ya Dodoma kwenda Babati, takriban kilomita 180 kutoka mjini kwetu, ukishaipita Kondoa. Zamani safari hii ilikuwa ya vumbi tupu. Lami ya Dodoma hadi Babati ilizinduliwa mwaka 2018, na sasa unapita Mayamaya, Chemba na njia panda ya Kondoa watoto wakiwa wamelala. Tenga saa tatu, maana vijiji ni vingi na kila kijiji kina kibao chake cha 50. Kama huna gari, panda basi la Babati au Arusha, mwambie konda mapema kwamba unashuka Kolo, na umkumbushe mkishaiacha Kondoa.

Nenda kiangazi. Kwetu mvua ni ya msimu mmoja, inaanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili, na barabara ya udongo ya kwenda mlimani ikilowa haina huruma. Likizo ya shule ya Juni ndiyo nzuri kuliko zote, ila usiku ni wa baridi kweli. Kila mtoto awe na blanketi lake, soksi na sweta. Blanketi moja la kugawana watatu litakukeshesha wewe mama.

Sasa hema. Mimi ni fundi cherehani, nashona Majengo, kwa hiyo hapa nitakaa kidogo. Hema letu la kwanza tulilikodi mjini, likaja na vigingi pungufu na mshono wa paa umefumuka kiasi cha kupitisha vidole viwili. Tuligundua hayo usiku, tukiwa kambini. Siku hizi kila hema, la kukodi au la kwangu, nalisimamisha uani siku mbili kabla ya safari. Nalimwagia ndoo ya maji juu na kuingia ndani kuangalia linapovuja. Panapovuja karibu kila mara ni mshono, siyo kitambaa, kwa sababu kila tundu la sindano ni mlango wa maji. Chukua mshumaa wa kawaida, sugua mshono wote kwa nje mpaka uone weupe, kisha pitisha kidole ukikandamiza ili nta iingie kwenye matundu. Mshono uliofumuka ushone kwa uzi mnene wa nailoni, mistari miwili, ndipo upake mshumaa.

Chini ya hema tandika turubai, lakini liwe dogo kuliko sakafu ya hema. Ncha zikitokeza nje, umande na mvua vinatiririkia juu ya turubai na kuingia chini yenu, na mtaamka godoro limelowa bila kujua maji yametoka wapi. Vigingi vifupi vinavyouzwa pamoja na hema havifai kule, kwa sababu udongo wa kando ya mto Kolo ni wa kichanga na upepo wa jioni unaving'oa. Nilimpelekea fundi wa kuchomelea nondo nyembamba, akanikatia vipande kumi vya futi moja na kuvikunja kichwa. Vile havijawahi kuning'oka.

Zipu ya hema ifungwe saa zote, hata mchana, na viatu vyote vikung'utwe kabla ya kuvaliwa. Nge wapo. Usiku watoto wasitoke bila tochi na mtu mzima.

Maji tunabeba ya kwetu: madumu matatu ya lita 20 kwa watu sita, siku mbili, ya kupikia na kunawa, na ya kunywa mbali. Maharage nayachemsha nyumbani yakaiva kabisa, nayabeba kwenye sufuria yenye mfuniko, kule ni kuunga tu. Unga wa sembe na wa uji, dagaa, vitunguu, mafuta ya alizeti, karanga za kukaanga za kutafuna njiani. Bibi yao huongeza mlenda mkavu, na haumchukulii nafasi. Beba jiko la mkaa na mkaa wako. Usikate kuni wala kuokota matawi mlimani. Milima hii ya Irangi iliwahi kuwa vipara vyenye makorongo mekundu, udongo ukienda na maji kila masika, hadi serikali ilipoanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa katika eneo lililoharibika sana. Wazee wa huku wanakumbuka kuhamisha ng'ombe wao. Kijani unachokipiga picha leo watu walikilipia.

Mkifika Kolo, kabla ya kitu chochote nendeni ofisi ya mambo ya kale, ipo hapohapo kijijini. Unaandikisha majina, unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu, unatunza risiti. Hapo ndipo mnapopata mwongozaji na kuonyeshwa pa kupiga kambi. Msiende mlimani bila mwongozaji hata kama kuna mtu kijijini anasema anaijua njia. Kuna chumba kidogo cha makumbusho. Waingize watoto humo kwanza wakiwa bado wana nguvu, ili wakifika kwenye mwamba wawe wanajua wanatafuta nini.

Eneo lote lina kilomita za mraba 2,336, lina zaidi ya miamba 150 yenye michoro, na UNESCO ililiweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Usijaribu kuona vingi. Mary Leakey, mtaalamu wa mambo ya kale, alikaa huku kwa miezi mwaka 1951 akinakili michoro, naye alikuwa mtu wa kazi hiyo. Familia yenye watoto itosheke na kilima cha Mungomi wa Kolo siku ya kwanza. Kutoka ofisini ni mwendo wa kilomita kama tisa kwa barabara ya udongo, halafu mnapanda kwa miguu. Gari la chini liacheni kijijini mkodi la juu, au bodaboda.

Ondokeni kambini saa kumi na mbili na nusu asubuhi, watoto wakiwa wamekunywa uji. Kupanda ni kukali lakini ni kufupi, na kabla ya saa tatu miamba bado ina kivuli na ubaridi. Mkifika, mkalishe kila mtoto chini kwanza. Hili nalisisitiza. Mwanzoni hamtaona kitu zaidi ya madoa mekundu. Baada ya dakika tano, kumi, macho yanazoea, na mwamba unaanza kufunguka: twiga, tembo, pofu yule swala mkubwa, halafu watu. Watu warefu, wembamba kama mianzi, wengine vichwa vyao vikubwa vya duara kama wamefuma nywele au wamevaa kitu. Nilipowatazama kwa karibu niliona kwamba mwili wa mtu mmoja umejazwa mistari inayokwenda sambamba toka bega hadi paja, myembamba kama uzi wa cherehani, na hakuna mahali mkono ulipotetemeka. Mimi najua kuvuta mstari ulionyooka kwa chaki juu ya kitambaa kilicholala mezani. Yule alivuta wake kwenye jiwe lililosimama, kwa rangi ya udongo mwekundu, angalau miaka 2,000 iliyopita.

Waulize watoto kabla mwongozaji hajasema. Pale Kolo kuna mchoro wa watu watano, wa katikati ni kama mwanamke ameshikwa mikono huku na huku. Mary Leakey aliona ni mtu anatekwa. Wengine, wakilinganisha na ngoma za uponyaji za Wasandawe, wanasema ni ngoma. Kijana wangu wa darasa la sita alisema wanamsaidia asianguke. Mwongozaji alinyamaza, kisha akasema naye hakuwahi kuitazama hivyo. Wasandawe wenyewe wapo hadi leo, upande wa Kwa Mtoro, na lugha yao yenye vidoko, yaani sauti za kugonga ulimi, haifanani na Kirangi wala Kigogo. Michoro myekundu inahusishwa na wawindaji wa aina ya mababu zao; ile myeupe, mizito zaidi, ilikuja baadaye na wakulima.

Kuhusu kugusa: usiwakataze tu, waeleze. Mafuta ya kidole yanabaki kwenye jiwe, na vidole mia vinafuta alichochora mtu mmoja. Nasra nilimpa kazi ya kushika mikono yake nyuma na kuwa "mlinzi" wa wakubwa, akaifanya kwa moyo wote. Usimwagie maji ili rangi ing'ae kwenye picha. Watu wamefanya hivyo na rangi imepauka. Usiwashe moto karibu na mwamba, masizi hayatoki. Na msipake manukato siku hiyo, wala msirushe mawe kwenye nyufa, kwa sababu nyuki wanakaa humo.

Mungomi pia ni mahali pa tambiko. Bado kuna watu wanapanda kuomba mvua na uponyaji. Mkiwakuta, simameni mbali, simu mfukoni, subirini wamalize. Mkikuta kilichoachwa pale, kiacheni kama kilivyo. Sisi ni Waislamu na tulikaa kimya kama watu walioingia kwenye nyumba ya mwenyewe.

Kama mnaye mzee, msimlazimishe kupanda. Mama mkwe wangu alibaki chini na kanga yake, kiti cha kukunja na chupa ya chai, na mwongozaji alimtafutia binti wa kijijini wa kukaa naye. Tuliposhuka walikuwa wameshajuana ukoo mzima. Tulimwonyesha picha, akazikuza kwa vidole moja moja, akakaa nazo muda mrefu kuliko sisi tuliokuwa juu.

Mchana pumzikeni. Mto kiangazi ni mchanga mtupu, na watoto watachimba hadi jioni. Siku ya pili asubuhi, kama miguu inaruhusu, mwombe mwongozaji awapeleke upande wa Pahi, kijiji kingine chenye michoro, mtaona nyeupe na nyekundu kwa kulinganisha.

Siku ya kuondoka zima mkaa kwa maji, fukia majivu, takataka zote zirudi nanyi Dodoma, na upite ofisini kuaga. Mwongozaji mpe chake mkononi. Hema mtalikunja likiwa na umande, haliepukiki asubuhi. Kwa hiyo mkifika nyumbani, hata mkiwa mmechoka vipi, lianikeni siku hiyohiyo. Likilala limekunjwa na unyevu, wiki moja tu limeshaanza kuota ukungu.