Jinsi ya Kukomesha Kufumua na Kushona Upya katika Karakana ya Sare

Katika karakana za sare za shule hapa Kampala, Januari ndiyo hutupima. Wazazi wanataka mashati kabla ya muhula wa kwanza kufunguliwa, na kila shati linaporudi kufumuliwa linakalia cherehani ambayo shati jipya lilikuwa likiisubiri. Utaratibu ninaoutumia kama msimamizi wa ushonaji ni huu.

1. Fuata shati moja kwa miguu. Chora ramani ya sakafu, kisha lifuate shati kuanzia meza ya kukatia hadi pasi, ukitia mstari mwekundu kila linaporudi nyuma. Usiwaulize mafundi kwanza, kwa sababu watakueleza njia iliyopangwa, si njia inayotembewa.

2. Tenganisha marejeo. Liko shati linalorudi kwa kosa, na liko linalorudi bila kosa lolote, kwa mfano kwa kuwa mashine ya ovaloki, ile ya kuzungushia uzi kingo za kitambaa zisichanuke, ni moja tu nayo imewekwa mlangoni. Kwa hili la pili, sogeza mashine, au panga kazi upya ili kingo zote zinazowezekana zipigwe ovaloki kabla ya vipande kuunganishwa.

3. Kagua kabla ya kufunika. Hapa ndipo penye kazi yenyewe, kwa kuwa katika shati mishono mingi hufunikwa na mshono unaofuata. Kola yenye ncha zisizolingana, ikigunduliwa ingali peke yake, hurekebishwa kwa dakika chache. Ikigunduliwa kwenye pasi, itabidi ufumue shingo nzima, na matundu ya sindano huenda yakabaki yakionekana. Kwa hiyo fundi anayeunganisha kola ailaze kwanza juu ya kiolezo cha kadibodi, na isipolingana asiipokee. Nafasi za vishikizo zipimwe kwa ukanda uliotobolewa, si kwa macho. Kando ya mguu wa cherehani funga kipande cha chuma kitakachozuia kitambaa kupita upana wa mshono uliokubaliwa. Wajapani huita kinga ya namna hii poka-yoke.

4. Punguza fungu. Mafundi wakipokezana mashati 30 kwa mkupuo, kosa la kushona mkono wa shati huonekana baada ya kurudiwa mara 30. Mimi hufunga matano matano.

5. Mpe fundi ruhusa ya kusimama. Mtambo wa kufuma wa Sakichi Toyoda, uliokamilika mwaka 1924, ulisimama wenyewe uzi ulipokatika, na wazo hilo likaja kuwa nguzo ya uzalishaji wa Toyota. Cherehani zetu hazina akili hiyo, basi fundi ainue kitambaa chekundu nawe umwendee papo hapo. Ikiwa analipwa kwa kipande, mlipe pia dakika za kusimama, la sivyo ataficha kosa, na kwa kweli sitamlaumu.

6. Ondoa meza ya marekebisho iliyo mwishoni. Nililichelewesha jambo hili kwa hofu, ingawa meza hiyo ndiyo iliyokuwa ikinificha chanzo cha makosa. Shati lenye kosa limrudie aliyelishona saa hiyo hiyo, naye msimamizi awepo aone lilikokosewa. Anza na mashati ya mikono mifupi peke yake, kisha chora ramani ile upya na uhesabu mistari myekundu iliyobaki kabla ya kugusa sketi.