Somo: Upasuaji wa mtoto wa jicho kwa sisi wa detekta

Sisi wa detekta tunatafuta sarafu na metali nyingine zilizofukiwa ardhini, kwa mashine inayopiga kelele ikizipitia. Kuna siku nilichimbua sarafu, nikaigeuza kiganjani, nikaona bonge la udongo tu. Nikaitupa. Nilipopitisha koili, ile sahani ya chini ya detekta, ikaipigia kelele tena palepale. Nililaumu betri, nikalaumu miwani, kumbe ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Sasa yote yameshafanyiwa upasuaji na nimerudi kuchimba. Ushauri niliopewa hospitalini ulikuwa mzuri, ila haukumfikiria mtu anayeshinda amepiga magoti juu ya shimo. Ndiyo maana naandika.

Hatua ya 1: Pima umbali wa macho yako kazini

Hatua hii naomba usiiruke. Lenzi ya asili ikishaingia ukungu, hakuna matone wala miwani ya kuirudishia uangavu. Inatolewa na kuwekwa ya bandia. Lenzi ya bandia ya kawaida ina nguvu moja. Inaona vizuri umbali mmoja, kwingine unasaidiwa na miwani. Wengi huchagua kuona mbali, na ukikaa kimya huenda ukapangiwa hivyo.

Sisi tuna umbali wa aina tatu: jicho hadi skrini ya detekta, jicho hadi ardhini pale koili inapopita, na jicho hadi kiganjani. Shika detekta kama uko kazini, mtu akupimie kwa futi kamba. Yangu yalikuwa sm 70, sm 150 na sm 35. Nilipomwonyesha daktari namba hizo, aliweka kalamu chini tukaanza kuongea upya.

Nilichagua kuona mbali. Ardhi naiona vizuri, namba za skrini nazisoma kwa sababu ni kubwa, na ya kiganjani navaa miwani ya kusomea niliyoifunga kamba shingoni. Zipo lenzi zinazoona umbali zaidi ya mmoja, na wapo wanaozifurahia. Lakini zinaweza kuleta duara za mwanga kuzunguka taa usiku, na hupunguza kidogo uwezo wa kutofautisha vitu vyenye rangi zinazokaribiana. Sarafu ya kahawia ndani ya udongo wa kahawia ni jambo hilohilo. Kwa kazi yetu, mimi nisingezichagua. Wewe pima, kisha uamue na daktari wako.

Hatua ya 2: Taja dawa zako zote

Wazee wenzangu wanaotumia tamsulosin kwa ajili ya tezi dume, semeni mapema, hata kama mliiacha zamani. Dawa hiyo hulegeza ule utando wa rangi unaozunguka mboni, ukawa unapepea wakati wa upasuaji. Daktari akijua, anajiandaa. Msiiache wenyewe bila kuambiwa. Na anayevaa lenzi za kubandika machoni aulize aziache siku ngapi kabla ya kupimwa, kwa kuwa hubadilisha umbo la jicho na vipimo vikaharibika.

Hatua ya 3: Siku yenyewe

Ni fupi kuliko hofu yake. Unatiwa matone ya ganzi, unabaki macho, unaona mwanga na vivuli. Tundu ni la milimita 2 hadi 3. Lenzi ya zamani inavunjwavunjwa kwa mawimbi ya sauti na kufyonzwa, mpya inaingizwa ikiwa imekunjwa, inajikunjua ndani. Mara nyingi hakuna mshono, na mara nyingi nusu saa haiishi. Uwe na mtu wa kukurudisha nyumbani.

Hatua ya 4: Kaa mbali na udongo

Hapa ndipo tunapoharibu. Jicho halikuumi, unaona vizuri kuliko miaka mitano iliyopita, na detekta iko palepale kwenye kona. Lakini lile tundu bado linajifunga lenyewe, na udongo umejaa bakteria. Jasho likitiririka, mkono wenye tope unapanda kufuta jicho kabla hujafikiri. Maambukizi ya ndani ya jicho hutokea kwa nadra, ila yakitokea yanaweza kulipofusha.

Mimi nilifanya hivi. Wiki ya kwanza detekta niliifungia ndani ya begi. Sikuinama kichwa kikashuka chini ya kiuno, sikubeba kizito, na usiku nilivaa kinga ya plastiki juu ya jicho. Baada ya hapo, kwa ruhusa ya daktari, nilitembea na detekta nikiwa na miwani iliyofunika pembeni, nikaweka alama kila iliposikika sauti nzuri, na rafiki yangu ndiye aliyechimba. Koleo nililigusa matone ya dawa ya wiki nne niliyopewa baada ya upasuaji yalipokwisha na jicho likakaguliwa. Wanaotafuta majini na ufukweni wasubiri ruhusa yao peke yake, maana maji na mchanga unaopeperuka ni balaa zaidi.

Maumivu yakizidi, jicho likawa jekundu, uoni ukapungua, au ukaona mimweko, vidoti vingi vipya, ama kivuli kama pazia, nenda hospitali siku hiyohiyo. Usingoje kesho.

Hatua ya 5: Jifunze rangi upya

Lenzi ya zamani ilikuwa kichujio cha njano. Kupitia kwayo fedha niliiona kama shaba nyeupe iliyochakaa. Leo kutu ya kijani kwenye shaba naiona sarafu ikiwa bado shimoni, na bluu imerudi kwa nguvu hadi nilishtuka. Rudia kopo lako la takataka ulizokusanya miaka ya ukungu. Mimi nilikuta pete.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mzee. Je, lenzi hiyo haitaichanganya detekta nikiinama?*

Marahaba. Haitaichanganya. Kwa kawaida ni ya akriliki au silikoni, haina metali. Hata ya kwanza kabisa, aliyoiweka Harold Ridley mjini London mwaka 1949, ilikuwa ya plastiki. Aliona marubani wa vita waliopata vipande vya plastiki vya vioo vya ndege machoni, na macho yao hayakuvikataa.

*Jicho moja limeshapona, la pili linangoja. Natumbukiza koleo pembeni ya shimo kila mara.*

Ni kawaida, ndugu. Macho mawili yasipolingana, ubongo hukosea kina. Shuka ngazi polepole, chimba duara pana zaidi ili usikwaruze kitu, na tumia kile kidetekta kidogo cha mkononi badala ya kukisia. Muulize pia mtaalamu wa miwani kama anaweza kubadilisha kioo cha upande mmoja.

*Mume wangu ana siku ya nne tu na ameshatoa koleo nje. Nimfanyeje?*

Dada, msomee Hatua ya 4 kwa sauti. Kisha mpe kazi ya kukaa: kupanga sarafu, kuchora ramani ya sehemu alizokwisha pita. Koleo lifiche.

*Nilifanyiwa miaka miwili iliyopita, sasa ukungu umerudi. Mtoto wa jicho ameota tena?*

Hapana, haoti tena. Mara nyingi ni ule mfuko mwembamba unaoshika lenzi ndio umeingia ukungu. Daktari akithibitisha, huutoboa kwa leza kwa dakika chache, bila kisu. Panga miadi wiki hii.