Jinsi ya Kuipima Imani Yako Ukiwa Mkristo Visiwani

Ninafundisha watu wazima wanaojiandaa kwa kipaimara hapa Unguja. Wengi wametoka bara kuja kufanya kazi za hoteli, Nungwi, Paje, Kiwengwa. Huku Wakristo tu wachache, na uchache una mtego wake: mtaa mzima ukikujua kama "yule Mkristo", ni rahisi kudhani kujulikana huko ndiko kuamini. Paulo aliwaambia Wakorintho wajijaribu kama wamo katika imani (2 Wakorintho 13:5), na barua ile aliliandikia kanisa. Basi tenga juma moja, daftari na kalamu.

Hatua ya 1: Omba. Soma Zaburi 139:23-24 kwa sauti, polepole. Pale anayeombwa kuuchunguza moyo ni Mungu, kwa hiyo usianze kwa kujihukumu.

Hatua ya 2: Andika kila usiku. Leo nimesali wapi pasipo mtu kuniona? Nimeacha nini kwa ajili ya Kristo? Kama zamu ilikunyima ibada ya Jumapili, usiishie kuandika "sikwenda kanisani". Andika na saa zilizobaki ulizitumiaje.

Hatua ya 3: Orodhesha wanaokufanyia kazi. Hapa usifanye haraka. Kanisa kuu la Anglikana pale Mkunazini lilianza kujengwa mwaka 1873, mwaka uleule soko la watumwa lilipofungwa, na limesimama palepale sokoni. Tunapiga magoti mahali ambapo binadamu walipigiwa bei, kisha tunarudi nyumbani kwa dada wa kazi ambaye mshahara wa mwezi jana hajauona. Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na kilio cha wafanyakazi kimefika masikioni mwa Bwana. Andika jina la dada, la kijana anayekuchotea maji, la fundi uliyemwambia "njoo kesho" hadi akachoka. Mbele ya kila jina weka kiasi anachokudai. Kwangu mimi, ukurasa huu unaeleza imani ya mtu kuliko wingi wa sala zake. Lipa kabla hujaendelea. Deni lililokuzidi, kaa na mwenyewe mpange tarehe.

Hatua ya 4: Muulize jirani yako Mwislamu. 1 Timotheo 3:7 inataka askofu ashuhudiwe mema na watu walio nje, nasi walio nje tunapakana nao ukuta kwa ukuta. Usimuulize kama wewe ni Mkristo mzuri, maana atakustahi tu. Mwambie hivi: "Bibi, kuna siku nilikukosea ukaninyamazia?" Akijibu, sikiliza bila kujitetea. Ukimwomba radhi, iwe kwa lile alilolitaja, na iwe siku ileile.

Hatua ya 5: Peleka daftari kwa padri au mchungaji wako. Ukikuta mashaka ndani yake, usiyafute. Yule baba wa Marko 9:24 alisema anaamini, na papo hapo akaomba asaidiwe kutokuamini kwake. Yesu hakumfukuza, alimponya mwanawe. Mashaka yaliyoandikwa padri anaweza kuyashika moja moja na kuomba nawe juu yake.

Rudia zoezi hili Majilio na Kwaresima, ukianza na ule ukurasa wa majina.